Dishi la Baba na Kisanduku Changu

Kisugu, Kampala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, alhamdulillahi, ila kichwa kimevurugika, na uliyekivuruga ni wewe na swali lako. Miguu ya Baba inaendeleaje? Na mgongo wako umepoa? Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika ninakokwenda.

Umeniuliza kama muuze dishi mnunue kisanduku cha intaneti kama changu, maana nilijigamba kwamba kinaokoa pesa. Mama, nimekinunua mwenyewe, nakitumia mwenyewe, na wallahi sijui kinaokoa au kinakula.

Mwezi wa kwanza nilijiona mjanja. Zamani sisi wapangaji tulikuwa tunachangia king'amuzi cha Afande Okello, polisi mstaafu kutoka Gulu ambaye chumba chake kimepakana na changu, na jioni tunajazana kwake. Nikajitoa. Mwezi wa pili nikaenda dukani Nakivubo nikakiacha kinawaka, kikacheza filamu moja baada ya nyingine kutwa nzima bila mtazamaji. Niliporudi, bando limekwisha. Nikanunua jingine. Nikihesabu hivi, nimeokoa. Nikihesabu vile, afadhali ningebaki kwa Afande. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Juzi kulikuwa na mechi. Nimeketi kitandani peke yangu, chai mkononi, mara nasikia upande wa pili wa ukuta wanapiga kelele: goli! Kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja. Nikasubiri. Goli lilipofika kwangu, nami nikaruka nikapiga ukelele, na wakati huo kwa Afande wameshanyamaza. Wote wakaangua kicheko.

"Shabani!" Afande akaita kutoka kwake. "Hiyo kitu yako iko nyuma! Sisi nasherehekea, wewe bado nangoja. Kuja hapa, ssebo, kiti yako iko."

Ssebo ndiyo bwana ya huku. Nikasema nakuja. Sikwenda, kwa aibu. Mechi ikaisha, nikatazama filamu niliyoichagua mwenyewe, picha safi kabisa, na sikuona raha. Nilijisikia mpweke, Mama. Ndipo nikamfikiria Baba.

Baba hatoki tangu miguu imkatae. Wanaomwondolea upweke ni Mzee Bakari na wenzake, na wanakuja kwa sababu ya taarifa ya habari. Saa mbili ikikaribia unasikia hodi, unatandika mkeka, kahawa inamiminwa, wanabishana na mtangazaji mpaka Baba anacheka. Kisanduku hakina saa mbili. Habari inakusubiri, unaweza kuitazama asubuhi, unaweza kesho, na kila mzee anaweza kuitazama kwake kwenye simu ya mjukuu. Sasa nani atabisha hodi? Mara najiambia watakuja tu, wamezoeana tangu ujana. Mara nakumbuka mimi mwenyewe, niliyeacha kwenda chumba cha pili tu.

Kwa hiyo la pesa sina jibu. Jana nimerudi kuchangia kwa Afande, na kisanduku nacho sijakiacha, kwa hiyo sasa nalipia vyote viwili. Usinicheke. Lakini dishi msiliuze, hata Mwanaidi, anayekitaka kisanduku, akinuna vipi.

Huyo dada yangu msalimie, mwambie tamthilia zake hazitakimbia. Shangazi Fatuma naye salamu nyingi, maandazi yake nayaota. Mzee Bakari mshike mkono kwa niaba yangu, umwambie aendelee kubishana.

Na Baba mpe shikamoo yangu, lakini si saa ya habari. Saa hiyo ana watu.

Mwanao asiyejua hesabu,
Shabani