Unga wa Mwezi Mzima

Kambi ya Dzaleka, Dowa
14 Novemba 2000

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Bora,

Yambo sana katika jina la Bwana. Huko Nyarugusu mvua imeshaanza? Kile kifua chako kimetulia? Batoto banasoma? Huku tuko bazima, isipokuwa mi mwenyewe, na leo sitakuficha.

Barua yako Épitace aliileta kutoka Lilongwe, sasa siku kumi. Sijaifungua. Usikasirike, yaya. Najua ndani iko habari ya Mama, kama alitoka kwetu Fizi mbele basoda, bale askari, hawajafika ao hapana, na naogopa.

Kila nikiigusa, njaa inanishika. Si njaa ya tumbo. Ile inakuja polepole, hata sombe, majani ya muhogo, bila chumvi inaikubali. Hii inakuja mbio, inataka nsima tu, ugali wa huku, tena nyingi. Nakula nikisimama, mlango nimefunga, mpaka tumbo linauma, kisha nasikia haya. Unga wa posho ya mwezi mzima nimeumaliza hivyo.

Bwana yangu Ezechiel anabeba tumbako Kanengo, anarudi Jumamosi tu. Alikuta gunia tupu, akauliza kama niliuuza sokoni Mponela, vile bengi banafanya. Nikasema ndiyo! Heri hivyo kuliko ajue nilikula chakula cha Amanda wetu. Jana mtoto alikula uji wa jirani.

Na bamama ba kanisa, unabajua: mtu akinenepa, banasema vita imemtoka. Banataka nitoe ushuhuda Jumapili. Ushuhuda gani, Mungu wangu?

Yule jirani, Vénérande, Murundi, ndiye alinikamata na sufuria. Hakunicheka. Alisema, “Mama Amanda, mbele ya kuwasha moto, kuja uniambie nini imekuogopesha. Kisha tutakula pamoja, sahani moja.” Nimejaribu siku tatu. Mbili niliweza, moja nilishindwa.

Sasa amekaa hapa. Hajui kusoma, kwa hiyo lazima nisome kwa sauti. Nafungua.

Yaya, nimesoma. Mama alizikwa mwezi wa tisa. Nimelia mpaka sauti imekwisha, na ile njaa haikuja. Jumamosi nitamwambia Ezechiel ukweli, uniombee. Na unisamehe: siku zote hizi ulikuwa unamlilia Mama peke yako, na mi nilikuwa ninakula.

Salimia shemeji Faustin na batoto bote. Mungu akushike mahali mikono yetu haifiki.

Mudogo wako anayekupenda sana,
Espérance