Gari la Kupandisha Maji

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la marehemu mke wangu. Kurasa za mwanzo zote ni mwandiko wake – oili imebadilishwa lini, tairi gani imezibwa, dizeli lita ngapi. Nimeanza ukurasa mpya baada ya wake. Habari ni ya gari bado, kwa hiyo naona si vibaya.

Leo fundi alikuja kuiangalia pikapu yetu. Watu humwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Aliingia chini ya gari akiongea, akatoka akiongea. Jibu lenyewe fupi: injini imepasuka.

"Mzee, hii imeshakwenda. Kuitengeneza ni kumvalisha maiti viatu."

Halafu akakumbuka. Miezi minne tu tangu tuzike. Akajishika mdomo kwa mkono wenye grisi, akabaki na masharubu meusi. Nikacheka. Sikujua kama bado naweza.

Jioni binti akapiga simu. Lile lile: nikakae kwake, shamba tumpangishie mtu. Yupo mtu wa ng'ombe, anataka jibu mwisho wa mwezi. "Baba, kisima kiko chini, miche iko juu. Bila gari maji utayapandishaje? Kichwani?" Hasemi kwa ubaya. Ameshapaka rangi chumba changu.

Nimemwambia nanunua gari. Akauliza nani ataendesha. Nikasema mjomba wako ameahidi kuja mara mbili kwa wiki. Akaguna.

Jumatano, 5 Machi

Tumekwenda kwa muuzaji – mimi, Kimya na shemeji, kaka wa marehemu. Uwanja una kokoto na bendera za plastiki. Magari ya dizeli ya kunifaa ni matatu.

La kwanza pikapu ndefu, milango minne. Shemeji akaipenda papo hapo, akaenda kujitazama kwenye kioo cha pembeni. Kimya akachungulia chini, akatikisa kichwa: imepigwa rangi juu ya kutu.

La pili pikapu fupi, milango miwili, bodi pana, inavuta magurudumu yote manne. Imetumika, lakini mlio wake mzuri. Mzito, wa taratibu.

La tatu sijui niliite nini. Kigari. Viti viwili, hakina milango, kipaa tu na bodi ndogo nyuma inayoinuka kumwaga mzigo. "Hiki si cha barabarani, mzee," akasema muuzaji. "Hiki ni punda. Kinakula dizeli kidogo, kinapanda popote." Shemeji akacheka hadi akakohoa. "Shemeji! Watu watasema dada yangu amekuachia baiskeli ya matairi manne!"

Muuzaji akawasha pikapu fupi ili niijaribu. Mimi badala ya kupanda nikatangulia mbele ya boneti na kuanza kumwongoza kwa mkono – njoo, kata, simama. Muuzaji akashangaa. Kimya akamwambia, "Mwache. Ndivyo anavyolijua gari."

Ni kweli. Miaka thelathini na moja mke wangu usukani, mimi mbele kwa miguu. Baba yake alikuwa dereva wa lori, akamfundisha akiwa na miaka kumi na minne. Mimi nilijaribu mara moja, mwaka wa kwanza wa ndoa. Nikapita juu ya matuta mawili ya miche yake. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Sikujaribu tena, wala hakunilazimisha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepima lango la chini kwa kamba. Pikapu fupi itapita, itabaki nafasi ya kiganja kila upande. Jioni nimemwagilia kwa ndoo. Safari kumi na nne. Magoti!

Jumamosi, 8 Machi

Muuzaji ameileta pikapu fupi niijaribu hapa hapa shambani. Tulipakia mapipa mawili, akaendesha yeye, mimi mbele. Imepanda kilima chote bila kukohoa. Kwenye kona ya mawe nikanyoosha mkono wa kushoto, ikafuata. Nikaona raha ambayo sijaiona siku nyingi.

Juu nikamwomba avute kiti cha dereva mbele. Akavuta. Nikasema bado, mbele zaidi. Akavuta tena mpaka mwisho. Nikaweka na mto mgongoni, nikafunga mlango, nikasogea nyuma na kutazama. Hapo sawa, nikamwambia. Nitachukua hiyo hiyo.

Ameniachia hadi Jumatatu nizoee. Shemeji amepiga simu kupongeza. Anashauri gari liwe linalala kwake, kwa usalama. Kwake kuna geti la chuma.

Jumapili, 9 Machi

Leo ndiyo siku ambayo shemeji alisema atakuja kupandisha maji. Saa tatu hakuja. Saa tano bado. Saa sita ujumbe: amepata safari, tuonane wiki ijayo inshallah.

Miche ya juu imeanza kunyauka. Nikasema acha niwashe tu nisikie mlio. Nikafungua mlango wa dereva nikaingia.

Sikuenea. Goti moja liligonga usukani, jingine likakwama chini ya dashibodi. Mimi mtu mrefu. Nivute kiti nyuma? Sikujua kinavutwaje. Nikakaa hivyo hivyo, nimekunjamana kama mwavuli, mto unanisukuma mgongo.

Ndipo nikaelewa nilichofanya jana. Mke wangu alikuwa mfupi. Kwa mbali ungedhani gari linajiendesha lenyewe, unaona kilemba tu juu ya usukani. Kiti kile nimempimia yeye.

Nilikaa kidogo. Halafu nikachukua ndoo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemweleza Kimya. Nilidhani atacheka, ana vichekesho vya kila kitu. Hakucheka. Alifuta mikono kwa tambara. Kisha akauliza, "Mzee, shemeji yako asipokuja tena, hilo gari nani ataliendesha?"

Nikasema mimi nina miaka sitini na mbili.

"Sikuuliza umri."

Akanipandisha kwenye pikapu, akarudisha kiti nyuma, akanifundisha klachi. Saa nzima. Mguu wa kushoto hauelewi wa kulia unafanya nini. Imezimika mara kumi na moja – nilihesabu mimi, yeye alisema tisa kwa huruma. Mara ya mwisho tuliruka kama chura mpaka karibu na kisima. Kimya akashika dirisha kwa mikono miwili: "Polepole, mzee! Mimi nina watoto!"

Muuzaji amekuja kuchukua gari lake. Nimemuuliza, yule punda bado yupo?

Jumatano, 12 Machi

Kigari kimeletwa. Kitakaa hadi Jumatatu ijayo. Pikapu fupi muuzaji ameniwekea pembeni, lakini kuna mtu mwingine anaitaka.

Hiki hakina klachi. Kuna kijiti kimoja: mbele haraka, mbele polepole, katikati, nyuma. Mguu wa kulia peke yake ndio unafanya kazi. Wa kushoto unapumzika kama bosi.

Asubuhi nimezunguka nyumba mara sita. Mchana nimekwenda hadi kisimani na kurudi bila mzigo. Nimegonga kitu kimoja tu, banda la kuku, nalo lilikuwa limeinama tangu zamani. Kuku hawakupenda.

Jambo la ajabu. Nilipofika langoni nilishuka kufungua, nikafungua, nikatangulia mbele na kunyoosha mkono kuita gari. Nikasimama hapo mkono juu. Kigari kinanguruma, kiti kitupu. Nikageuka kuangalia kama kuna mtu ameona.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji amekuja – si kupandisha maji, kuja kuona. Akakizunguka kigari akikipiga piga kwa kidole.

"Sasa shemeji, hiki tukipata mgonjwa kitampeleka hospitali?"

Nikasema la, hakiruhusiwi barabarani.

"Arusi tutakwendea?"

La.

"Sasa kina faida gani?"

Nikamwambia kinapanda na maji, na mimi nakiweza. Akaacha kukipiga piga. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba dada yake asingekubali kupanda kitu hiki. Huenda kweli. Alipenda milango. Alipenda kuufunga mlango kwa kishindo akimaliza kazi, ukisikia kishindo ujue chai iwekwe.

Nilimpikia shemeji chai. Ni mtu wangu. Naye amefiwa, ila yeye huzuni yake inapenda gari kubwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepandisha pipa moja, Kimya akiwa pembeni. Gia ya polepole toka chini hadi juu, ndivyo alivyosisitiza. "Ukitumia ya haraka na mzigo mlimani utachoma mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu. Gari likinuka, zima, weka jiwe, lipumzishe robo saa. Usilibembeleze wala usilitukane."

Miche imekunywa. Wiki nzima haijalowa namna hii.

Binti amepiga. Kesho saa kumi anakuja, na mtu wa ng'ombe. Aone shamba tu, anasema, hakuna anayesaini kitu. "Lakini Baba, nikikuona umebeba ndoo, sitaondoka bila wewe." Nimemwambia karibuni.

Jumapili, 16 Machi

Saa tisa kasoro dakika mbili. Naandikia humu kwenye kiti cha kigari, katikati ya kilima.

Asubuhi nilipandisha mara mbili, pipa moja moja. Vizuri kabisa. Safari ya tatu nikaona niwahi – nikapakia mapipa mawili, ili wakifika wakute kitalu chote kimelowa. Na kwa kuwahi huko kijiti nimekiacha kwenye mbele haraka. Mzee mzima! Nimefika kona ya mawe ndipo nikasikia harufu, kama kandambili kwenye moto.

Nimezima. Nimevuta breki ya mkono, nimeweka jiwe nyuma ya tairi, halafu jingine. Nimebakiza kama hatua sitini hadi juu.

Naweza kumwita Kimya. Naweza kumwaga pipa moja. Naweza kurudi kinyumenyume, lakini hilo sijajifunza na mzigo. Nimeamua kungoja robo saa kama alivyosema. Daftari lilikuwa mfukoni, basi naandika ili nisiguse kitu.

Saa tisa na dakika tano. Gari jeupe langoni. Mapema mno! Simu: "Baba, tumefika. Nyumba imefungwa. Uko wapi?"

"Niko kazini."

Akauliza, "Kazini wapi?" Nikamwambia atazame kilimani.

Wanapanda kwa miguu. Binti mbele, amevua viatu vya mjini na kuvishika mkononi. Mtu wa ng'ombe nyuma, mnene, anasimama kila hatua kumi kuvuta pumzi na kutazama mteremko. Hausifii.

Nimegusa chini ya kiti, ilipo injini. Mkono unavumilia sasa. Harufu imepungua. Kijiti nimekiweka kwenye polepole, nimekitazama mara mbili.

Binti amefika karibu, ameona mawe, ameona mapipa. Ameshika kiuno namna ya mama yake. "Baba, shuka! Shuka tutoe mzigo, tusukume!" Na yule mnene anakunja mikono ya shati.

Nimewaambia wapishe, wasimame upande wa juu, mbali na tairi. Hawajasogea. Dakika mbili bado, kisha nitawasha nipande mwenyewe.

Sijashuka.