Kamba za Mama

Nunow, chai iko kwenye chupa. Mama ameshakula anjera, usimlazimishe tena.

Amekusikia redioni, walaal, ndugu yangu. Kerrow wa jirani alileta redio yake asubuhi ili tusikie sauti yako. Kumbe hadithi uliyosimulia ni yetu! Eti tangu askari wampige risasi ngamia wetu, mama yetu hana akili sawa: kila asubuhi anang'oa mikeka inayofunika nyumba na kuifunga kwa kamba kama tunahama, ampakie ngamia aliyekufa. Majirani wote wakanigeukia mimi. Ungeniuliza kwanza. ~~Leo usilale hapa.~~ Ukitoka tena, rudi kabla ya kafyu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Nikadhani atalia. Akasema, "Mwanangu anaongea vizuri. Lakini mwambieni najua ngamia amekufa, nilimwona akianguka. Nafunga mizigo kwa sababu waliompiga bado wapo."

Miaka miwili, Nunow, mimi na wewe tunamfungulia mizigo kila jioni, tukimwonea huruma.

Leo usifungue chochote. Kamba moja imekatika, nimekimbia sokoni kununua nyingine.

Dada yako,
Lul