Vidonge vya Rangi Mbili

Nyumbani,
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Na kile kifua chako kilichokuwa kikikohoa kama pikipiki mbovu, kimetulia? Mimi ni mzima, ila Baba ni mgonjwa sana. Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza tukaishia kugombana. Nikimaliza nitaipiga picha barua hii nikutumie.

Alianguka karakanani Jumanne ya wiki iliyopita, kibano mkononi, saa ya mteja iko wazi mezani. Ni kiharusi. Mkono wa kulia, ule uliotulea, umelala kabisa. Mdomo umekwenda upande na maneno yanamtoka kwa shida. Alhamisi walituruhusu kumrudisha nyumbani.

Daktari alikuwa haelewi. Miezi mitano amemwongezea dawa ya presha, na presha inapanda tu. Nami kila asubuhi nilimsimamia Baba mpaka ameze, unanijua nilivyo askari. Nilifika hata mahali pa kusema mbele yake kwamba dawa za siku hizi ni chaki tupu.

Juzi nikipanga meza yake nilifungua droo ya vipuri. Vidonge vyake vya rangi mbili vilikuwa kwenye kopo la skrubu. Alivifungua kimoja kimoja kwa kibano, akamwaga dawa, akajaza ule unga wa majani uliomtumia, kisha akavifunga usione hata alama. Miezi yote hiyo nimemsimamia ameze majani.

Nilimwuliza kwa nini. Alichukua muda kuyakusanya maneno.

"Mama yenu alimeza walichompa," alisema. "Yuko wapi?"

Ni kweli. Wodini walimpa Mama dawa ya mgonjwa wa kitanda cha pili, na mpaka leo hakuna aliyetuomba radhi. Kwa hiyo Baba simlaumu kwa kuogopa. Wewe nakulaumu. Ulimrekodia zile sauti za kwamba hospitali zinaua na majani hayana madhara, naye akawa anazisikiliza akifanya kazi. Na mimi najilaumu kwa domo langu. Majani ni mboga nzuri, sikatai, lakini presha yake hayakuigusa.

Sasa ananibania meno. Nimebembeleza, nimelia, mama mdogo amefoka, na dawa inaishia kidevuni. Daktari amesema kiharusi cha pili hakitamwacha.

Mama mdogo anawasalimu wote. Mwambie wifi nimepokea picha za watoto, na kwamba wamekua. Mungu awatunze, atuachie na Baba.

Mimi hanisikii, anakusikia wewe. Ukishasoma piga simu, nitamwekea sikioni. Mwambie ameze. Mwambie ulikosea, hata kama moyoni huamini kwamba ulikosea.

Ni mimi dada yako, nakupenda na nimekukasirikia.