Namba ya Kwanza mu Montre ya Floribert

Lubumbashi, commune Kenya

Kwa mudogo yangu mupendwa Albertine,

Jambo sana, mutoto ya mama. Habari ya Kolwezi? Afya iko? Bantu ba ile nyumba unakaa banakutunza muzuri, ao unakula mikate tu kama kawaida yako? Sisi huku tunapumua, Mungu anatuchunga. Mama anakusalimia. Mahindi yake kule shambani Annexe imeota, na kila asubuhi ananiuliza kama nimepata habari yako, ninamudanganya. Bwana yangu Floribert naye anakusalimia. Ona, nimeandika jina yake na yako mahali pamoja na kalamu haikupasua karatasi. Ninajikaza.

Utashangaa kupata barua. Nifanye nini? WhatsApp umenifungia, nikipiga haiiti. Sikulaumu. Kwa ile nilikuambia mbele ya bantu mu couloir ya hospitali, pale kila muntu anapita, hata mimi ningejifungia. Kwa hiyo ninamupa chauffeur wa bisi hii karatasi, na ninakuomba ukae chini kwanza. Unajua nusu ya habari. Nusu ingine iko na mimi, na inaninyima usingizi.

Wewe unanijua: wivu nilizaliwa nayo. Mama alipokuleta kutoka maternité, nilimuuliza atakurudisha lini. Lakini ile ya kitoto ilikuwa mchezo. Hii ingine ilianza siku Floribert aliingia na ile montre ya akili, saa inasikilizana na telefone, kwenye mukono, akasema ni wewe ulimuambia anunue, na ni wewe ulimuchagulia. Nilicheka na meno tu.

Ninajua desturi yetu. Shemeji anamuita mudogo ya bibi yake "bibi yangu mudogo", anamutania, mudogo anamuomba kikwembe ya kuvaa mbele ya bantu bote, na bote banacheka. Papa alifanya vile na tantine, mudogo ya Mama, na Mama alicheka kuliko bote. Lakini wewe na Floribert mulikaa mu barza, vichwa pamoja, unamuonyesha: hapa unapunguza mwangaza, hapa unaona mapigo ya moyo, hapa ukipoteza telefone unagusa na inalia hata kama iko chini ya kitanda. Mimi niko jikoni ninasonga bukari. Ile siku bukari ilikuwa ngumu kama tofali, mukakula bila kuuliza sababu.

Tangu pale montre ikitetemeka, anaangalia mukono na uso unabadilika. Nikiuliza ni nani, anasema si muntu, ni mashine inamukumbusha asimame atembee. Ala! Tangu lini mashine inamuamuru bwana ya muntu asimame? Nikaona lazima niijue hiyo montre kuliko mwenyewe.

Nikaenda kwa Mardochée, yule fundi wa telefone karibu na soko. Nikamudanganya eti ninataka kununua yangu, anifundishe yote. Yule papa ana subira. Alinifundisha kuzima messages za bure ili mukono isitetemeke muchana muzima, kufanya batri ikae, kuchagua nani anaweza kukusumbua na nani hapana. Halafu akasema bantu banavaa hii mashine banaangalia saa tu, na banaacha kitu cha maana kuliko yote: ukurasa wa dharura. Unaweka mule namba ya muntu yako. Ukianguka kwa nguvu na hausimami, montre yenyewe inamupigia. Nikamushukuru sana, nikarudi mbio.

Floribert alikuwa anaoga. Montre ilikuwa juu ya meza. Nikaifungua na mwaka wa ndoa yetu, na kidogo nilifurahi kwamba ndiyo alichagua kuwa code. Nikatafuta ule ukurasa. Mule ndani mulikuwa jina moja tu. Albertine.

Mudogo yangu, niliona giza. Mimi ninafua salopette zake za garage, mimi ninajua analala upande gani, na akianguka, aitwe nani? Wewe! Nikafuta jina yako. Nikaandika yangu. Nikairudisha juu ya meza, nikamuandalia chakula, nikamutazama akila.

Nyamaza kwanza, usitupe karatasi. Habari ingine iko mbele.

Nilipeleka habari mu kundi yetu ya maombi. Nikamuambia Mama Nkandu, mukubwa ya kundi, kwamba kuna mwanamuke anaingia mu nyumba yangu kwa mulango ya nyuma. Jina sikutaja. Bamama balishika ile neno kwa nguvu, kila Siku ya Tatu ya juma, muchana, tunapiga magoti juu ya mwizi yangu. Na unajua sheria ya Mama Nkandu: telefone zote zinazimwa sauti, zinawekwa mu beseni pa mulango, zinafunikwa na kikwembe, muntu asimukate Mungu maneno.

Ile Siku ya Tatu tulikuwa tumesimama, tunapiga mikono, Mama Nkandu anapaza sauti, mwizi afunuliwe leo, leo! Na mu beseni, chini ya kikwembe, telefone yangu ilikuwa inaita bila sauti: ni montre ya Floribert ilikuwa inanipigia.

Nilipotoka niliona jina yake mu telefone, mara nyingi. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nikasema, aa, leo ananitafuta, acha naye aonje. Sikumurudishia. Nikapita sokoni, nikachagua nyanya moja moja, nikabishana bei na muuzaji. Ni pale pa nyanya jirani alinikuta, akaniambia Floribert ameanguka kazini.

Benzake ba garage bamenieleza. Balisikia montre inaita, bakasema imeshaita bantu bake, tungoje. Bakangoja. Balipoona hakuna muntu anafika, mumoja akakimbia kwa centre de santé yako, pale ulikuwa unatunza bagonjwa, nyuma ya garage, na wewe ukakuja na miguu, na gants za mupira mu mikono. Montre ingekuita wewe tangu mwanzo, ungefika kabla bamalize kumugeuza alale na mugongo.

Mimi nilipofika hospitali nilikukuta umemushika mukono. Ulikuwa unahesabu mapigo. Sasa ninajua. Ile saa niliona mukono mu mukono, basi. Ulimi haina mufupa. Ile nilikuita sitaiandika, karatasi hii itapita kwa chauffeur.

Lakini kitu kinaniua si matusi. Matusi ulishanizoea. Ni kwamba ulikuwa unalia, unamuambia docteur kosa ni yako, ni wewe ulipanga montre, uliipanga vibaya, ilitakiwa ikuite wewe. Ulirudilia maneno yale yale. Mimi nilisimama pale, nikasikia, nikanyamaza. Nikakuacha ubebe ile muzigo mupaka Kolwezi.

Albertine, montre haikukosea. Na wewe haukukosea. Ulipanga kila kitu muzuri, mutoto ya mama. Ni mimi niliharibu.

Floribert ameniambia yote. Moyo yake ilikuwa inaruka tangu zamani, alikuja kwako juu wewe ni infirmière, muuguzi, ukamusihi aniambie, akakataa. Alisema mimi Mwenya nitapeleka mu maombi, bamama batakuja kumulilia pa garage, na patron atamufukuza mbele ya jua kushuka. Nilitaka kukasirika. Lakini ni uongo? Nilipeleka mwanamuke asiyekuwako, ningeacha moyo ya bwana yangu? Nimemuambia naye ile nilifanya. Akaomba maji, nikamushikia kikombe, kwa sababu mukono ya kushoto ingali nzito. Docteur alianza kusema kama angefika mapema, akaniona uso, akaacha.

Usifikiri wivu imekwisha, hapana. Imebadilika tu. Kama ungeniibia bwana, tungepigana, majirani batutenganishe, iishe. Lakini uliijua hofu yake kabla yangu. Kwako alilia, kwangu alicheka. Hiyo inaniuma, ninakuambia wazi, na itaniuma hata ukinisamehe.

Mama anasema hatagusa mahindi mapya mupaka uvunje yako na mikono yako. Unifungulie WhatsApp, hata kwa kunitukana. Salimia bantu ba nyumba yako. Mungu akulinde.

Kitu ya mwisho. Jana tulikaa mu barza, mimi na Floribert, tukafungua ule ukurasa pamoja. Nimerudisha jina yako. Kwa sasa namba ya kwanza ni mimi, juu Kolwezi ni mbali, na telefone yangu haiingii tena mu beseni, Mama Nkandu anune mupaka achoke. Lakini centre yako iko palepale nyuma ya garage. Rudi uchukue nafasi ya kwanza. Nitanuna, lakini nitakupa.

Yaya yako,
Mwenya