Koti la ngozi ya sili

Jumatano, Novemba

Nimenawa mikono mara tatu na bado nanusa harufu ya lile koti.

Lilitoka nyumba ya marehemu mmoja Sutton Coldfield, likaletwa Moseley, huku ugenini, kwenye duka letu linalouza nguo za msaada. Mimi kila koti hulivaa kwanza, nijue zipu na mifuko vikoje. Pauline, meneja wetu, aliingia nikiwa nimelivaa. Akasema hilo haliuzwi, ni ngozi ya sili, yule mnyama wa bahari za baridi. Zamani wawindaji walishuka visiwani na marungu, wakaua mpaka ufuko ukabaki kimya, halafu meli ikahamia kisiwa kingine.

"Sili walirudi?" nikamuuliza.

"Kwingine walirudi. Kwingine mpaka leo hakuna."

Nikawakumbuka viboko wa ziwa letu kule Kongo. Utotoni nililala nikiwasikia wakikoroma. Vita vikaja, wenye bunduki wakawamaliza, meno yakaenda kwa wanunuzi, nyama ikajaa sokoni. Baba alileta mguu mzima. Tulikula siku nne, tukifurahi. Sijui ni usiku gani ziwa lilinyamaza. Nyumbani hakuna aliyeutaja ukimya huo.

Pauline akauliza kama kwetu yalitokea mambo ya namna hiyo. Nikasema hapana.

Nyama ile ilikuwa tamu. Na koti lile, Mungu anisamehe, lilikuwa na joto. Pauline aliponiambia nilivue, nilikawia.