Kahawa Iliyokataliwa Ngenge

Jumatatu, 12 Oktoba
Utepe wa taipu umechakaa. Nimeugeuza upande wa pili. Habari ya kampeni za Rubafu imeondoka kwa telegramu saa nne asubuhi. Mvua kutwa.

Kesho naanza jimbo la upande wa Muleba. Wagombea wawili, gari moja, jukwaa moja, kama mara iliyopita. Severini ana alama ya nyumba, Anselmi ana jembe. Kanuni za Chama ni zilezile. Mgombea haendi kijijini peke yake. Hasemi Kihaya kwenye kampeni. Hatoi kitu kwa mpiga kura, wala hapokei.

Mhariri anataka nibashiri watu wangapi watajitokeza. Sibashiri. Nitahesabu siku ikifika.

Jumanne, 13 Oktoba
Siku ya kwanza ndani ya Landrova. Severini anakaa mbele, mgongo wima. Alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi, na bado ana chaki mfukoni. Hazungumzi njiani. Anselmi anakaa nyuma nami na kuzungumza kwa wote wawili. Alikuwa karani wa kupima kahawa kwenye ghala la ushirika. Anajua majina ya watu, ya watoto wao, na ya mbwa wao.

Mikutano miwili leo. Severini alieleza barabara, zahanati na kodi. Yote sahihi. Watu walipiga makofi kama wanafunzi wanaoitikia. Anselmi alisimama, akavuta suruali juu, akauliza nani anamkumbuka alipoanguka kwenye mzani wa kahawa. Wote waliinua mikono.

Kama ningekuwa na kura hapa ningempa Severini. Nisingependa kusafiri naye tena.

Jumatano, 14 Oktoba
Ngenge. Uwanja wa shule umejaa. Nimekaa hapa na daftari langu muda mrefu kuliko habari inavyostahili.

Katibu Tarafa alisoma kanuni zote kwa Kiswahili, mbiombio. Vikongwe waliokaa mbele walitazama viatu vyake. Wengi wao hawajui Kiswahili zaidi ya salamu.

Kisha akaja Ma Adelina. Mjane, mama yake Protazi aliye mwenyekiti wa tawi la Chama hapa. Alishika kikapu kidogo cha akamwani, kahawa kavu ya kutafuna. Mgeni akifika nyumba yoyote huku hupewa hiyo kwanza. Alitafuna punje moja mwenyewe, ili wote waone ni salama. Akampa Katibu. Katibu, aliyetoka kusoma kanuni, akachukua na kutafuna. Akampa Anselmi. Anselmi akachukua tatu.

"Ma, ukiendelea hivi nahamia kwako, na mke wangu utampikia wewe."

Uwanja mzima ukacheka. Waliojua Kiswahili waliwatafsiria wengine, wakacheka tena.

Severini aliweka mikono nyuma.

"Kanuni hairuhusu, mama."

Kiswahili safi. Ma Adelina alimtazama. Akatafuna punje ya pili, polepole, mbele ya uso wake. Akasogeza kikapu tena. Severini akatikisa kichwa. Kicheko kilikwisha. Mama akafunika kikapu kwa jani la mgomba na kurudi alikokuwa amekaa.

Marehemu mume wake ndiye aliyemsimamia Severini ubatizo. Severini alikua akila kwenye nyumba hiyo. Kumkatalia kahawa mara mbili mbele ya watu ni kumwambia ameweka sumu. Huku hakuna tusi kubwa kuliko hilo.

Nilikuwa hatua mbili tu. Ninajua Kihaya tangu kuzaliwa. Ningeweza kumwambia maneno matano akaelewa. Si kazi yangu. Niliandika: "Alikataa."

Ijumaa, 16 Oktoba
Mikutano minne kwa siku mbili. Kila mahali habari imetutangulia. Hakuna aliyeleta kikapu tena. Wanawake wanakaa mbali na jukwaa, mikono chini ya kitenge. Severini anaongea juu ya zahanati kwa uwanja nusu tupu.

Anselmi hafurahi, jambo lililonishangaza. Ameacha hata kusimulia ule mzani.

"Mimi nataka kumshinda. Sitaki kushinda uwanja mtupu."

Jumamosi, 17 Oktoba
Nimerudi Ngenge peke yangu, kwa lori la kahawa. Mgombea haruhusiwi. Mwandishi anaruhusiwa.

Protazi alikuwa akipalilia migomba kwenye kibanja. Ana miaka thelathini na kitu, mpole, anasimama anapozungumza na mtu mkubwa. Nilimuuliza kama watu wataenda kupiga kura. Alitazama jembe lake.

"Hawataenda, Ta mwandishi," akasema, kwa "Ta" ya heshima ya Kihaya.

"Watampa Anselmi?"

"Hapana. Severini ni mtoto wa nyumba hii. Kumnyima hatuwezi. Kumpa nako hatuwezi, baada ya lile. Kwa hiyo watu watabaki kwenye vibanja vyao. Hakuna aliyeitisha kikao. Kila mtu kaamua kwake."

Mama yake alikuwa ndani. Alinisikia, hakutoka. Sijawahi kuondoka kwenye nyumba ya Mhaya bila kahawa. Leo nimeondoka bila.

Jumatatu, 19 Oktoba
Nimeandika habari yote. Kikapu, kanuni, Katibu aliyetafuna, kijiji kinachosita. Nimeituma.

Jumanne, 20 Oktoba
Mhariri amejibu kwa maneno matatu: kahawa si habari.

Alhamisi, 22 Oktoba
Hili si jambo la kikapu tena.

Katibu Tarafa amefika Ngenge na askari mmoja. Nilikuwepo. Amesikia kwamba kijiji hakitapiga kura. Kwake maana yake ni moja tu: wanapinga vijiji vya ujamaa, wanapinga Serikali, na kuna mtu anawachochea. Alimsimamisha Protazi mbele ya ofisi ya tawi.

"Kituo kikiwa kitupu, ndugu mwenyekiti, nitakuja na orodha. Jina la kwanza litakuwa lako. Utajieleza Bukoba, ukiwa ndani."

Protazi alisema ndiyo. Angesema nini zaidi? Kwamba ni kahawa? Katibu mwenyewe alikula.

Nilimfuata Katibu kwenye gari lake. Nilimweleza nilichokiona, kwa mpangilio, bila maoni. Alicheka.

"Wewe ni mtu msomi. Watu hawaachi kura kwa sababu ya punje ya kahawa."

Wanaacha. Nimeripoti chaguzi tatu. Mtu haendi kituoni kwa sababu ya barabara. Anaenda kwa sababu ya mtu, au anabaki nyumbani kwa sababu ya mtu.

Nina hasira. Naandika hivyo ili niimalize hapa.

Jumamosi, 24 Oktoba
Muleba, mkutano wa mwisho kabla ya mapumziko ya Jumapili. Wakati Anselmi akizungumza nilimpata Severini nyuma ya Landrova, akifuta miwani. Nikamwambia mambo ya Protazi. Alikuwa hajui. Uso wake ulibadilika rangi.

Nikamuuliza kwa nini hakuchukua punje moja tu.

"Nikichukua kwa mama yangu, nitakataaje kwa tajiri wa ng'ombe? Nilifundisha watoto miaka kumi na tisa kwamba kanuni ni kanuni. Wamo humu humu uwanjani."

"Nenda kamweleze."

"Peke yangu siruhusiwi. Nikienda na gari hili, Katibu atakaa katikati yetu, nami nitamwambia mama kwa Kiswahili." Alivaa miwani. "Nenda wewe."

Nilimwambia sibebi ujumbe wa mgombea yeyote. Sijawahi. Alikubali kwa kichwa, kana kwamba nimempa jibu sahihi darasani.

Tunafanana, mimi na yeye. Sikupenda kuligundua.

Jumanne, 27 Oktoba
Nimekwenda.

Sikubeba ujumbe. Nimetafsiri kanuni za Chama, ambazo ni tangazo la hadhara, kwa raia ambaye hakuzielewa. Hiyo si kampeni. Nimejiambia hivyo njia nzima kutoka barabara kuu.

Ma Adelina alikuwa akimenya ndizi uani. Nilimwamkia kwa Kihaya kama inavyotakiwa, salamu zote, hadi mwisho. Kisha nikasema. Mgombea hapokei kitu. Mgombea haongei Kihaya. Mgombea haji peke yake. Akivunja, anaondolewa. Nikamwambia pia alichosema Katibu kwa mwanawe, kwa sababu Protazi hakumwambia. Sikusema neno la Severini hata moja.

Kisu kilisimama.

"Na yule mkubwa aliyekula kahawa yangu? Kanuni haimhusu?"

"Inamhusu, Ma."

"Basi mmoja amekula na kunitishia mwanangu. Mwingine amekataa na kunitukana. Na yule wa tatu anacheka tu." Akaendelea kumenya. "Na wewe ulisimama pale. Kihaya unakijua."

"Nakijua."

"Ukanyamaza."

Ninaliandika hili kwa sababu ni kweli. Hakunipa kahawa.

Alhamisi, 29 Oktoba
Kampeni zimefungwa jana. Severini yuko kwake. Anselmi yuko kwake. Nimelala Muleba ili niwahi Ngenge kesho. Sijala vizuri.

Ijumaa, 30 Oktoba
Siku ya kura. Naandika saa kwa saa, kama nilivyoandika kwenye daftari dogo.

Saa moja. Kituo kimefunguliwa, darasa la tatu, shule ya Ngenge. Msimamizi, makarani wawili, askari. Masanduku mawili nyuma ya pazia, moja na nyumba, moja na jembe. Protazi amepiga kura wa kwanza.

Saa tatu. Waliofika ni mwalimu wa zamu na mkewe. Moshi unatoka kila nyumba mgombani. Watu wapo. Hawaji.

Saa nne na nusu. Katibu Tarafa amefika. Ana daftari la kurasa kubwa. Amevuta kiti, amekaa mlangoni, amefungua kalamu.

Saa sita. Hakuna. Protazi amesimama chini ya jua pembeni mwa bendera. Hakai. Askari amemwambia akae, akasema ahsante, hakukaa.

Saa saba. Katibu ameandika jina. Nililiona. Ni la kwanza, kama alivyoahidi.

Saa nane kasoro robo. Ma Adelina amechomoza kwenye njia. Amevaa gomesi, gauni lake jeupe la misa, rozari shingoni, kikapu mkononi. Anatembea taratibu. Njia ile inapita mbele ya nyumba zote za upande ule. Kila nyumba ilimwona.

Alifika mlangoni. Katibu aliinuka nusu, akatabasamu, akanyoosha mkono kwenye kikapu. Alikuwa na njaa, nadhani. Mama akakihamishia mkono wa pili. Akasema kwa Kiswahili, maneno machache, inaonekana aliyafanyia mazoezi.

"Kanuni hairuhusu, baba."

Karani mmoja alikohoa kuficha kicheko. Katibu alikaa.

Mama aliingia nyuma ya pazia. Alikaa kidogo sana. Alitoka, akasimama karibu na mwanawe.

Saa nane na robo. Wawili njiani. Kisha watano. Kisha mstari.

Saa kumi na mbili. Mstari bado ulikuwepo, na msimamizi aliwaruhusu waliokwisha kufika. Si wote waliokuja. Nimehesabu, na nitaipeleka hesabu kamili. Katibu alifunga daftari lake kabla ya jua kuzama. Ile karatasi yenye jina aliichana na kuikunja mfukoni. Sijui ameipeleka wapi. Protazi amelala kwake.

Jumapili, 1 Novemba
Matokeo. Anselmi ameshinda jimbo, na si kwa kidogo. Severini amepata kura nzuri kule tu alikosoma na alikofundisha, Ngenge ikiwemo. Vijiji tulivyopita baada ya kahawa, vingi havikwenda kabisa. Wakubwa wataandika kwamba ilikuwa mvua. Mvua ilinyesha Jumamosi.

Nimetuma hesabu. Mhariri ameichapa yote na kuondoa majina.

Jumapili, 8 Novemba
Senene, panzi wetu wa kuliwa, wameanza. Kijijini kwetu Kaagya wameshakaanga. Mimi nimepanda lori kwenda Ngenge, bila kazi yoyote.

Baiskeli ya Severini ilikuwa imeegemea mgomba uani. Nikataka kurudi. Protazi aliniona akanivuta ndani.

Walikaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa, Severini na Ma Adelina, sinia la senene kati yao, wote wawili wakichambua mabawa. Severini alikuwa amevua koti. Walikuwa wakizungumza Kihaya, juu ya ng'ombe aliyekufa zamani. Tangu nimjue sikuwahi kumsikia akicheka hadi leo. Ana pengo upande wa kushoto.

Mama alifuta mikono. Alileta kikapu. Alitafuna punje moja. Akampa Severini. Severini alipokea kwa mikono miwili, akatafuna, akaendelea na habari ya ng'ombe.

Kisha kikapu kikanifikia.